Shefu na Ripoti ya Injini Tano

Sijui alizaliwa wapi, wala sikuwahi kumuuliza. Ninachokumbuka kwanza ni kwamba hakuwa mtu wa kukaa. Ofisi yake ilikuwa Makiso, katikati ya mji wa Kisangani, orofa ya kwanza, na ilikuwa na kiti kizuri cha mbao chenye mto mwekundu, ila kiti hicho kilibeba mafaili. Mwenyewe alifanya kazi amesimama. Alienda dirishani akatazama malori yanayoshuka bandarini, akarudi mlangoni, akasimama mezani akaandika mstari mmoja, kisha akaenda tena dirishani. Ukiongea naye ilikubidi umfuate kwa shingo, kushoto na kulia, mpaka jioni shingo inauma.

Cheo chake kilikuwa chef de bureau, mkuu wa ofisi, na sisi tulimwita Shefu. Alishughulikia malalamiko ya wananchi na ripoti za Komisari, yule mkubwa aliyetawala eneo letu kwa niaba ya serikali. Makomisari walikuja na kuondoka, wengine hata kabla hatujazoea sura zao. Shefu alibaki, na kila Komisari mpya alimkuta pale, akitembea.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, siasa na utawala, hapo hapo Kisangani. Kila mwanafunzi wa kitivo chetu alitakiwa kufanya staji, yaani miezi mitatu ya kujifunza kazi katika ofisi ya serikali. Mimi nilitaka nipelekwe kwenye ofisi za Chama. Enzi zile za Zaire Chama kilikuwa kimoja, na kila mtu alihesabiwa kuwa mwanachama tangu tumboni mwa mama yake. Lakini waliofanya kazi ndani ya ofisi zake walikuwa watu wengine kabisa: walipanda magari, walisimama jukwaani, majina yao yalisomwa redioni. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilitaka jina langu lisomwe redioni. Badala yake barua yangu ilinipeleka kwa mtu aliyetembea ofisini kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali.

Nilimkabidhi barua. Hakuifungua.

"Unajua kuandika?" aliniuliza.

"Ndiyo, Citoyen." Bwana na Bibi vilikuwa vimepigwa marufuku, sote tulikuwa Citoyen na Citoyenne. "Nimeandika mémoire ya kurasa themanini." Mémoire ni tasnifu ya kuhitimu.

"Sikuuliza kurasa. Unajua kusikiliza?"

Nilisema ndiyo. Nani angesema hapana?

"Bon. Toka inje. Kaa na watu kwenye banc. Usiseme we ni wa biro. Saa sita urudi uniambie walisema nini."

Pale nje, kwenye korido, kulikuwa na benchi refu ambapo wananchi walisubiri kuonana na ofisa. Nilikaa kati ya mwanamke aliyebeba chupa ya mafuta ya mawese na mzee aliyelala. Saa sita nilirudi na maneno yangu tayari.

"Wananchi wanalalamikia ucheleweshaji wa huduma, Shefu."

Aliacha kutembea. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amesimama kweli.

"Wananchi ni nani? Iko na jina? Iko na mutoto? Alitoka wapi leo asubui? Kwa miguu ao kwa kinga?"

Sikujua hata kama ni kwa miguu au kwa baiskeli. Aliniambia nirudi kwenye benchi. Nilikaa pale siku tatu. Siku ya nne nilimletea habari za yule mama wa mafuta: jina lake kamili, kwamba ametoka ng'ambo ya mto, kwamba anamtafutia mumewe cheti cha kifo kwa mara ya saba, na kila mara anaambiwa amlete shahidi aliyeona maiti. Shahidi ni mdogo wa mumewe, shemeji yake, naye amekwenda kuchimba almasi. Shefu alisikiliza akitembea. Kisha akatoka mwenyewe mpaka koridoni, akamwita yule mama kwa jina, akamwandikia cheti palepale. Hakuniambia asante wala umefanya vizuri. Aliniambia, "Sasa keti, uandike yote."

Kiti kilikuwa na mafaili. Niliandika nimesimama, na mpaka leo naandika hivyo.

Alinifundisha kwa kufuta. Nilimpa ukurasa, akaurudisha umebaki robo. Alifuta "kwa hakika," akafuta "ni dhahiri," akafuta kila sifa niliyompa mtu au kitu. Aliacha jina, mahali, na maneno ya mtu jinsi alivyoyasema. "Mama alilia sana," niliandika mara moja. Alichora mstari juu ya "sana" na kuuliza, "Ulipima?" Nilicheka. Yeye hakucheka. Alisubiri jibu.

Na mtu huyohuyo, kila Jumatatu, aliandika ripoti ya wiki kwenda kwa wakubwa, na kila Jumatatu ripoti hiyo ilianza kwa maneno yaleyale: hali ni tulivu katika eneo zima. Niliona nakala za miaka mingi kwenye faili la bluu. Soko lingeungua, daraja lingeanguka, wanafunzi wangepigwa na askari mbele ya chuo, na Jumatatu hali ilikuwa tulivu. Nilimuuliza kuhusu hilo mwezi wa kwanza, nilipokuwa bado sina hofu naye.

"Shefu, unanifundisha kuandika ukweli, lakini wewe—"

"Mimi njo nani?" alinikatiza. "Mimi niko na bibi, niko na watoto sita, niko na deni ya kuishi. We ni stagiaire. Andika ya kweli wakati bado haina bei."

Jambo la nyimbo lilinitatiza zaidi. Kila asubuhi, kabla ya kazi, watumishi wote tulijipanga mistari uani tukaimba nyimbo za kumsifu Kiongozi na kucheza mbele ya bendera. Ilikuwa lazima. Wengi wetu tulitikisa mabega kidogo tu, macho chini. Shefu alicheza mstari wa mbele, na alicheza vizuri kuliko wote, kiuno kikienda na ngoma, jasho likimtoka ndani ya abakosti, suti ya enzi zile, iliyofungwa vifungo mpaka shingoni. Wasichana matarishi walimpigia vigelegele. Nilikuwa nimeshaanza kumheshimu, na nilimwonea aibu.

"Unapenda?" nilimuuliza tukipanda ngazi.

"Kucheza? Napenda sana. Tangu zamani." Alifuta uso. "Njo wimbo wenye sipendi."

Alikuwa na makosa, na sitayaficha. Alimwogopa mkubwa yeyote. Simu ikilia kutoka kwa Komisari alisimama wima, visigino pamoja, mkono wa kushoto ukishika mshono wa suruali, kana kwamba mtu anamwona kupitia waya. Alijivunia Kifaransa chake kiasi cha kuudhi. Siku moja alimfokea mpiga chapa kwa ajili ya alama moja ya mkato mpaka yule mama akalia mbele yetu, na Shefu, badala ya kuomba radhi, alimwondoa mezani akaipiga barua nzima mwenyewe kwa vidole viwili, akitoka jasho, akikosea, akianza upya, mpaka saa ya kufunga. Alikula peke yake, kwanga, mkate wa muhogo, na samaki, amegeukia ukuta. Hakuna aliyejua kama hiyo ilikuwa kiburi au aibu ya chakula kidogo.

Lakini kwenye benchi la koridoni walimpenda. Alikumbuka majina. Mtu alirudi baada ya mwaka, na Shefu akipita haraka alimwambia, "Eh, papa, ule mbuzi walirudisha?" na mzee alibaki ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

Mwezi wa tatu wa staji ikaja barua kutoka kijiji kimoja cha wavuvi, upande wa chini wa Yanonge, ambacho sitakitaja. Iliandikwa kwenye karatasi ya daftari. Wavuvi walisema kwamba mkubwa wa huko alichukua injini tano za mitumbwi yao kwa ajili ya kuwasafirisha watu kwenye sherehe za Chama. Sherehe ziliisha. Injini hazikurudi. Sasa wanapiga kasia, hawafiki kwenye maji mazuri, na samaki wanaovua hawatoshi hata kwa nyumba.

Shefu aliisoma barua hiyo mara nyingi, akienda na kurudi. Siku ya pili aliomba ruhusa ya misioni, safari ya kikazi. Aliomba kwa sababu nyingine, nadhani alisema ni sensa ya mitumbwi, na akapewa. Tukashuka mto kwa boti la wafanyabiashara, yeye, mimi, na mfuko mmoja wa ngozi wenye karatasi. Ndani ya boti hakukuwa na mahali pa kutembea. Alikaa juu ya gunia la chumvi akitikisa goti, na kila tulipopita kijiji alisimama, akatazama, akakaa tena.

Kijijini watu waliogopa kusema. Walitukaribisha, walitupa samaki, walisema hali ni nzuri. Shefu alinipa ishara kwa kichwa, nikajua: nenda ukakae. Nikaenda kukaa na wanawake waliokuwa wakikausha samaki kwa moshi nyuma ya nyumba. Kulikuwa na mama mmoja mrefu, macho mekundu kwa moshi, aliyepanga samaki wadogo kwenye chanja.

"Hii njo samaki?" aliniuliza, akiinua mmoja kama kidole. "Mbele nilikuwa naweka kubwa hapa, zinajaa. Bibi ya mukubwa anakuja kununua kwangu. Sasa yeye njo ananiuzishia mimi. Na anavua na moteur ya bwana yangu. Naijua kwa sauti. Ikipita hapa asubui, bwana yangu anafunika masikio."

Niliandika maneno yake kama alivyoyasema. Wengine walipoona mama yule amesema, nao wakasema. Mpaka jioni nilikuwa na majina ya wenye injini zote tano, aina ya kila injini, alama iliyochorwa kwenye kila moja, na wapi ilionekana mara ya mwisho. Mbili zilikuwa kwa mkubwa yule. Tatu zilikuwa zimeuzwa au kupewa rafiki zake.

"Utarudi?" mama yule aliniuliza tulipokuwa tunaondoka.

"Nitarudi," nilisema.

Niliandika ripoti kurasa tisa. Shefu aliisoma ofisini, akitembea, na kwa mara ya kwanza penseli yake haikugusa kitu. Alifika mwisho, ambapo nilikuwa nimeacha nafasi ya majina mawili, lake na langu. Akasaini katikati, peke yake, herufi kubwa, kisha akagonga muhuri.

"Shefu, na jina yangu?"

"Stagiaire hana jina."

"Ni mimi niliandika!"

"Najua nani aliandika," alisema, na akaenda dirishani.

Nilimchukia. Nawaambia wazi. Kurasa tisa, kazi ya kwanza ya kweli maishani mwangu, na mtu ameichukua mbele ya macho yangu kama vile mkubwa yule alivyochukua injini. Siku mbili sikumsalimia. Nilikaa chuoni nikiwaambia wenzangu kwamba wazee wa serikali wote ni sawa.

Siku ya tatu tuliitwa sisi wawili kwa Komisari.

Komisari alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti. Ripoti ilikuwa mezani. Pembeni alikaa mkubwa wa kule mtoni, amekuja mwenyewe, miguu imekunjwa, akitazama dari.

"Hii ni mwandiko ya nani?" Komisari aliuliza, akionyesha nakala yangu ya mkono iliyoambatanishwa. "Hii si mwandiko yako, Citoyen. Yako naijua."

Shefu alisimama wima, visigino pamoja.

"Nilisema, yeye aliandika. Dictée, Citoyen Commissaire. Yeye ni mkono tu. Huko hakuongea na mutu. Alibeba mufuko."

Komisari alinigeukia. Alikuwa na macho ya kuchoka, na aliniuliza taratibu, karibu kwa huruma, "Donc, citoyenne. Ulifanya nini huko?"

Nilimtazama Shefu. Hakunitazama. Alikuwa akiangalia picha ya Kiongozi ukutani, juu ya kichwa cha Komisari.

"Nilibeba mfuko tu, Citoyen Commissaire," nilisema.

Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ya maisha yangu ya siasa. Nimesema mengi tangu hapo, mbele ya watu wengi, na hakuna lililonipandisha kama hilo.

Shefu alihamishwa wiki ileile. Walimpeleka kituo cha msituni, mwisho wa barabara ambayo magari yalikuwa yameacha kupita. Alipokusanya vitu vyake nilimsaidia kushusha kasha moja tu. Nilitaka kusema kitu. Tulipofika chini, karibu na kinga, baiskeli iliyomsubiri, alifunga kasha kwa kamba, akavuta fundo mara mbili, akasema bila kuinua kichwa, "Ulijibu muzuri."

Akaenda. Miaka minane niligeuzageuza maneno hayo mawili. Kuna siku niliyasikia kama sifa, kuna siku kama mate usoni. Niliamka nayo, nilisafiri nayo. Mume wangu aliniambia ninayasema usingizini.

Mwisho wa staji Komisari aliniandikia barua nzuri. Aliandika kwamba ninajua kujibu. Kwa barua hiyo niliingizwa kwenye kamati ya vijana wa Chama chuoni, halafu baada ya diploma nikachukuliwa kwenye ofisi zilezile nilizozitaka mwanzo, nikapanda magari, nikasimama jukwaani. Jina langu likasomwa redioni. Miaka ikapita nikawa commissaire du peuple, mbunge kama wasemavyo kwingine.

Watu walisema mimi ni tofauti na wengine, kwamba nikifika mahali nauliza majina, nasikiliza, nakumbuka mbuzi wa mtu. Nilipokea sifa hizo. Sikumtaja Shefu, kwa sababu kumtaja kungenilazimu kutaja na mfuko. Nilikuwa nimechukua vyote kwake, namna ya kusikiliza na namna ya kusimama wima mbele ya mkubwa, na kila siku mikutanoni sikujua ni kipi kati ya hivyo viwili kitakachoamka kwanza. Mara nyingi kilikuwa cha pili.

Mwaka huo wa nane nilikwenda Isangi kwa mkutano wa Chama. Tulifika asubuhi kwa boti mbili, bendera mbele, ngoma nyuma. Nikiwa nasalimia wakubwa wa mji, ofisa mmoja alinielekeza kwa kidole darasa la shule lililokuwa karibu na uwanja na kusema watoto wa pale wangeimba. Mwalimu aliyewapanga alikuwa mwembamba, mvi kichwani, na alikuwa akienda mbele na kurudi nyuma ya mistari, mbele na nyuma.

Niliacha wakubwa wakiongea nikaenda.

"Shefu."

Aligeuka. Alinitazama kutoka viatu mpaka kitambaa cha kichwa.

"Kwangu uko na dakika ngapi?" aliuliza.

"Nusu saa."

"Bon. Tutembee."

Tukatembea kuzunguka shule. Aliniambia kule msituni alikaa miaka miwili, kisha wakaacha kumlipa, kisha wakafuta jina lake kwenye orodha. Mkewe alikuwa na ndugu Isangi. Alisema yote haya haraka, kama mtu anayesoma ripoti ya mwingine. Mimi nilikuwa nimeandaa maneno yangu kwa miaka minane na yalitoka yote pamoja.

"Shefu, siku ile ningesema ukweli. Ulinilinda, na mimi nikakuacha. Uliweka jina lako peke yake ili mimi nisiumie, halafu nikakuchukia, halafu nika—"

"Nani amesema nilikulinda?"

Nilisimama njiani. Yeye aliendelea kutembea.

"Kwa Komisari, ndiyo. Pale nilikulinda, ungefanya nini, mutoto wa watu. Lakini kusaini?" Alisimama. "Kusaini nilifanya mbele, kabla ya kuitwa. Hakuna aliyekuwa ameuliza kitu. Miaka kumi na saba niliandika hali ni tulivu. Halafu unaniletea kurasa tisa, hakuna kitu ya kufuta. Nilisema, hii moja nitaweka jina yangu. Nilikuibia, citoyenne. Nilijua naiba."

Sikujua nicheke au nilie. Nilihisi hasira ileile ya zamani ikipanda, mbichi, na pamoja nayo kitu kama mzigo unaoteremka. Nilimwambia, "Ungeniambia." Alisema, "Ungenipa?" Nikafikiri, nikasema hapana. Aliitikia kwa kichwa, ameridhika na jibu.

Kisha akauliza, "Na moteur?"

"Moteur gani?"

Alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau.

"Mbili zilirudi," alisema. "Baada ya ripoti. Komisari alinifukuza mimi, na nyuma ya mulango alimwambia yule mukubwa arudishe zenye ziko kwake, kwa sababu nakala ya karatasi ilikuwa imefika kwa wakubwa wa juu. Ule mama wa moshi, bwana yake alipata yake. Zilibaki tatu. Hukujua?"

Sikujua. Miaka minane nilikuwa nimejiuliza juu ya maneno mawili ya Shefu, na juu ya kurasa zangu, na juu ya jina langu. Boti langu lilipita mbele ya kijiji kile mara nyingi. Sikuwahi kuuliza.

"Nilikuandikia," alisema. "Barua mbili, kwa biro yako kule Kisangani, juu ya zile tatu. Ulijibu."

Aliingia darasani akatoa karatasi kutoka kwenye kitabu cha hesabu. Ilikuwa lile jibu, kwenye karatasi rasmi yangu, yenye kichwa cha ofisi yangu. Ilisema jambo lake linafuatiliwa kwa makini. Chini ilikuwa sahihi yangu, ile niliyokuwa nawaachia makarani kwenye karatasi tupu ili kazi iende haraka.

"Sikuisoma, Shefu. Si zako wala hii."

"Naona." Aliikunja, lakini hakuirudisha kitabuni. Alinipa. "Kwa hiyo soma sasa."

Kengele ikapigwa, watoto wakakimbia kujipanga, na yeye akakimbia nao akipiga makofi ili washike mdundo.

Nilihutubia siku ile. Nilisoma hotuba kama nilivyopewa, kurasa nne, na walipiga makofi mahali pa kupiga makofi. Sitadai kwamba nilifanya ushujaa wowote jukwaani. Lakini tulipopanda mto kurudi nilimwambia nahodha atupeleke kwenye kile kijiji, na wenzangu wa msafara walikasirika kwa sababu walitaka kufika Kisangani mapema. Nilikaa kule siku mbili. Niliporudi niliandika kurasa kumi na moja, nikasaini, nikapeleka nakala kila mahali nilipoweza.

Ilichukua karibu mwaka. Nilipiga simu nimesimama wima, nilisubiri kwenye makorido ya watu, nilimbembeleza mtu niliyekuwa namdharau. Injini moja ilipatikana, imepakwa rangi mpya, kwa mfanyabiashara aliyedai ameinunua kihalali. Mbili hazikupatikana kamwe. Uchaguzi uliofuata Chama hakikunipendekeza tena. Waliniambia nimechoka, nipumzike. Sasa nafundisha chuoni, na wanafunzi wakija kuniuliza waombe staji wapi, nashindwa kuwajibu haraka.

Injini ile niliipeleka mwenyewe. Nilimtumia Shefu habari, bila kutegemea kwamba atakuja, kwa maana kutoka Isangi ni kupanda mto na mwili wake haukuwa wa safari tena. Nilipofika nilimkuta kwenye ukingo, ameshika viatu mkononi, suruali imekunjwa, anatembea kwenye matope. Alisalimia kwa kichwa. Hatukuongea. Mwenye injini, mzee sasa, aliifunga nyuma ya mtumbwi na wanawe wawili wakubwa, akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena. Kimya. Watu wa kijiji walianza kutazamana, na mama wa moshi akasema kwa sauti kwamba serikali imetuletea chuma cha kukalia. Shefu aliingia majini mpaka magotini, akainama juu ya injini ambayo nina hakika hakujua chochote kuihusu, akagusa kitu, akatoa mkono.

Mzee akavuta mara ya tatu. Ilikohoa, ikatoa moshi wa bluu, ikanguruma, na mtumbwi ukaruka mbele ukawamwagia wote maji. Wanawake walipiga kelele. Shefu, aliyelowa mpaka kifuani, aligeuka upande wangu akapaza sauti akaniambia kitu, maneno mengi, mkono ukipiga hewa.

Sikusikia hata neno moja. Niliweka mkono sikioni, nikamwita, "Umesema nini, Shefu?" Mtumbwi ulikuwa unazunguka karibu kabisa, kelele imejaa kila mahali. Alinitazama kidogo, akatikisa kichwa kwamba haidhuru, akapanda ukingo akapita kando yangu, maji yakimchuruzika, akaelekea njiani kutafuta boti la kumrudisha kabla shule haijafunguliwa kesho yake.

Hiyo ilikuwa mara ya mwisho kumwona.